Moyo ukisimama, usilete maji: lete mikono

Kama wewe ni shabiki wa soka, kuna uwezekano mkubwa kwamba tayari umeona moyo wa mtu ukisimama. Tena moja kwa moja kwenye runinga.

Ilikuwa tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen. Denmark walikuwa wanacheza na Finland kwenye Euro. Kipindi cha kwanza kinaelekea kuisha, mpira unarushwa kutoka pembeni, Christian Eriksen anapiga hatua mbili tatu kuufuata, kisha anaanguka kifudifudi. Hakuna aliyemgusa. Nahodha Simon Kjær anamkimbilia. Wachezaji wenzake wanasimama wakiwa wamempa mgongo, wanatengeneza ukuta wa miili ili kamera zisimwone. Ndani ya ukuta huo kuna watu wanabonyeza kifua. Mashine inaletwa, inampiga shoti moja, moyo unarudi. Haukupita mwaka kabla jamaa arudi uwanjani, akicheza Ligi Kuu ya Uingereza na Brentford, halafu akahamia Manchester United.

Kitu ambacho watu wengi walikumbuka siku hiyo ni ule ukuta, na kusema kweli ulikuwa mzuri. Lakini ukuta haukumwokoa Eriksen. Aliokolewa na mikono iliyokuwa ndani yake.

Sasa toa uwanja, toa madaktari, toa kamera za Ulaya. Weka stage ya matatu pale Githurai, saa mbili usiku, watu wakishuka na mizigo. Msee mmoja wa miaka thelathini hivi anaanguka chini pwaa! Wewe uko hatua mbili kutoka kwake. Nini kinafuata?

Unajua vizuri nini kinafuata. Mmoja atapiga kelele, "Mpeni hewa! Mpeni hewa!" Mwingine atafungua chupa ya maji na kummwagia usoni. Kuna mathe atatafuta kitunguu. Kuna mtaalamu wa kila kitu atasema ni kifafa, mwingine ataapa kwamba amewekewa mchele. Watu sita watatoa simu, lakini si za kupiga, za kurekodi. Baada ya dakika kumi mtu wa boda atasema, "Mpakieni hapa katikati, tumkimbize hosi." Na jamaa atakalishwa kwenye boda boda, kichwa kikining'inia, akiwa ameshikiliwa na mtu wa nyuma.

Hapo hakuna mtu mbaya hata mmoja. Wote wanataka kusaidia. Shida ni kwamba katika zile dakika kumi, hakuna aliyegusa kifua.

Niseme mapema: mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata hicho hakikuwa cha udaktari. Lakini ndiyo maana nimeandika hii makala. Kitu ninachotaka kukueleza hakihitaji digrii. Kinahitaji mikono miwili, uzito wa mwili wako na roho ngumu kidogo. Niliketi darasani siku moja nzima kwenye ukumbi mmoja mtaani nikifundishwa na watu wa huduma ya kwanza, na mtu aliyebonyeza vizuri zaidi siku hiyo alikuwa dada anayeuza mitumba.

Kwanza tusichanganye mambo

Tukisema "amepatwa na moyo" huku kwetu, huwa tunaweka vitu viwili kwenye gunia moja. Tuvitenganishe.

Cha kwanza ni mshtuko wa moyo. Fikiria mabomba. Mshipa unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo wenyewe umeziba. Mtu anasikia kifua kikibanwa kama amekaliwa na jiwe, maumivu yanaweza kwenda begani, mkononi au kwenye taya, anatokwa na jasho baridi, anaishiwa na pumzi. Lakini yuko macho, anaongea nawe, na moyo bado unapiga. Huyo usimbonyeze kifua. Mkalishe atulie, mtafutie usafiri wa haraka kwenda hospitali, na usikubali akwambie "ni gesi tu."

Cha pili ni moyo kusimama. Hapa fikiria stima. Moyo una umeme wake wa ndani unaouambia lini upige. Umeme huo ukivurugika, moyo unaacha kusukuma damu. Mara nyingi mwanzoni haulali kimya. Unatetemekatetemeka tu kama jeli, bila kusukuma chochote. Mtu anaanguka, hasikii ukimwita, na hapumui inavyofaa. Kiufundi tayari amekufa. Tofauti ni kwamba kwa dakika chache bado anaweza kurudishwa.

Cha kwanza kinaweza kuleta cha pili. Ndiyo maana mzee analalamika kifua asubuhi, na saa sita anaanguka. Lakini usidhani hii ni habari ya wazee pekee. Kuna vijana waliozaliwa na kasoro ya moyo wasiyoijua. Kuna wanaopigwa na stima, na kwenye ploti zetu za nyaya za kuunganishwa usiku hilo unalijua. Kuna wanaozama majini. Kuna hata wanaopigwa kifuani kwa bahati mbaya wakati mbaya kabisa wa mdundo: tarehe 2 Januari 2023 huko Cincinnati, Marekani, mchezaji wa Buffalo Bills aitwaye Damar Hamlin aligongwa kifuani akimkaba mpinzani, akasimama, akaanguka. Moyo ulikuwa umesimama. Wahudumu wakambonyeza kifua palepale uwanjani, na mwaka huohuo alirudi kucheza. Alikuwa na miaka 24.

Dakika nne ni wimbo mmoja

Damu ndiyo hubeba oksijeni kwenda kwenye ubongo. Ikisimama, ubongo hauna akiba. Baada ya takriban dakika nne unaanza kuharibika, na hauna duka la vipuri.

Wataalamu huhesabu hivi: kila dakika inayopita bila mtu kubonyeza kifua wala mashine ya kushtua moyo, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Fanya hesabu mwenyewe. Dakika kumi za maji, kitunguu na "mpeni hewa" zinamaliza karibu kila kitu. Sasa ongeza foleni ya Thika Road au Mombasa Road saa mbili usiku. Hakuna ambulensi duniani, hata ikiwa na dereva wa matatu, itakayokufikia ndani ya dakika nne kila mara.

Kwa hivyo mtu wa kwanza wa kumsaidia si daktari. Ni wewe uliyesimama hapo na smokie mkononi.

Kubonyeza kifua hakumfufui mtu kama kwenye filamu. Kazi yake ni rahisi kueleza: mikono yako inafanya kazi ya moyo kwa muda. Ukibonyeza, damu inasukumwa kwenda kwenye ubongo. Ukiachilia, moyo unajaa tena. Unanunua dakika, kama mtu anayeweka token ya shilingi hamsini ili taa zisizime kabla mwenye pesa afike.

Mzee wa duka

Kwenye mtaa ninaoishi kulikuwa na mzee wa duka. Kila mtu alimwita Guka, hata watu ambao si Wakikuyu. Alikuwa anakopesha unga bila kuandika. Jioni moja alitoka nje kufunga dirisha la duka akaanguka.

Sikuwepo. Nilisimuliwa baadaye na watu watatu tofauti, kila mmoja kwa wakati wake, na nikagundua kitu. Wa kwanza alisema walimmwagia maji. Wa pili alisema walimfungua vifungo vya shati na kumpepea kwa kipande cha katoni. Wa tatu alisema walizunguka robo saa wakitafuta mwenye gari. Wote watatu walisema Guka "alikuwa bado anapumua, alikuwa anakoroma." Hakuna hata mmoja aliyetaja mikono juu ya kifua.

Ni darasani nilipoelezwa kukoroma huko ni nini. Moyo ukisimama, ubongo unaweza kuendelea kutuma amri za mwisho za kupumua kwa dakika kadhaa. Mtu anavuta pumzi moja kwa nguvu, kama samaki aliyetolewa majini, kisha kimya, kisha nyingine. Inaweza kusikika kama kukoroma au kugugumia. Huko si kupumua. Hiyo ndiyo alama inayowadanganya watu kuliko zote, kwa sababu ukiona mdomo unafunguka unajiambia yuko sawa, tungoje gari.

Siwezi kukwambia kwamba Guka angepona. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Lakini watu waliokuwa pale walikuwa zaidi ya ishirini, wengi wao vijana wenye mikono yenye nguvu, na walimpenda. Mapenzi yalikuwepo. Maarifa ndiyo hayakuwepo.

Sasa, unafanya nini?

Soma hii polepole, halafu urudie.

Angalia usalama. Kama amepigwa na stima, usimguse kabla umeme haujazimwa. Kama yuko katikati ya barabara, mtu asimamishe magari. Shujaa wa pili kuanguka hamsaidii wa kwanza.

Mwamshe. Piga magoti kando yake, mtingishe mabega, mwite kwa sauti kubwa: "Boss! Unanisikia?" Usimpige makofi, usimmwagie maji.

Angalia pumzi. Mlaze chali, inua kidevu ili kichwa kirudi nyuma kidogo, kisha tazama kifua kama kinapanda na kushuka. Usizidishe sekunde kumi. Usihangaike kutafuta mapigo kwenye mkono au shingo. Hata watu waliosomea hukosea. Kama haitiki na hapumui kawaida, au anavuta zile pumzi za samaki, moyo umesimama. Ukiwa na shaka, anza. Kumbonyeza mtu ambaye moyo wake ulikuwa unapiga madhara yake ni madogo sana ukilinganisha na kumwacha yule ambaye moyo wake umesimama.

Tuma mtu kwa jina au kwa nguo. Usipige kelele "Jameni piga simu!" kwa sababu kila mtu atadhani mwingine anapiga. Onyesha kidole: "Wewe wa jezi ya Arsenal, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu sasa hivi, kisha urudi uniambie wamesema nini." Nambari za 999 na 112 pia ni za dharura. Ukiwa peke yako, weka simu kwenye spika, iache sakafuni, anza kazi huku ukiongea.

Tafuta sakafu ngumu. Kama ameangukia kitandani au kwenye sofa, mshushe chini. Ukibonyeza mtu juu ya godoro unabonyeza godoro.

Weka mikono. Kitako cha kiganja chako, ile sehemu nene karibu na kifundo cha mkono, kiweke katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya ule mfupa wa kati. Mkono wa pili uwe juu ya wa kwanza, vidole vipitane. Nyoosha viwiko. Mabega yako yawe juu kabisa ya mikono. Unabonyeza kwa uzito wa mwili, si kwa misuli ya mikono.

Bonyeza kwa nguvu, na kwa kasi. Kina ni sentimita 5 hadi 6. Ni kirefu kuliko unavyodhani. Pima kwenye rula uone. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Kila ukishabonyeza, achilia kifua kirudi juu kabisa kabla ya kubonyeza tena, lakini mikono isitoke. Kule Marekani hufundisha watu wafuate mdundo wa wimbo wa zamani wa Bee Gees, "Stayin' Alive", kwa sababu unapiga karibu mara 103 kwa dakika. Kama huujui, pakua programu ya metronomu kwenye simu, weka 110, na usikilize hadi mdundo ukukae kichwani.

Badilishaneni. Hapa ndipo wengi hushangaa. Darasani nilidhani mimi ni mtu wa mazoezi. Kufikia dakika ya pili jasho lilikuwa linadondoka kwenye uso wa mwanasesere na kina changu kilikuwa kimepungua bila mimi kujua. Kila dakika mbili mwingine achukue nafasi, na mabadiliko yawe ya haraka kama kubadilisha dereva kwenye matatu ambayo haijazima injini.

Usiache. Unaacha kama ameanza kupumua kawaida au kujisogeza, kama wataalamu wamefika na kuchukua, au kama umechoka kabisa na hakuna mwingine.

Na ambulensi isipopatikana? Hii ndiyo Kenya yetu, tuseme ukweli. Mtu atafute gari wakati wengine wanaendelea kubonyeza. Dakika za kwanza ni za kifua, si za safari. Gari likifika, awe amelazwa chali mahali palipo bapa, kama nyuma ya pikapu au sakafuni mwa matatu, na kubonyeza kuendelee. Kumkalisha kwenye boda boda ni kumsafirisha tu.

Mambo machache yasiyofaa kusahau. Kama hasikii lakini anapumua vizuri, usimbonyeze: mgeuze alale ubavu ili matapishi yasimzibe, na ukae naye. Kama aliyeanguka ni mtoto, au ni mtu aliyetolewa majini, pumzi ni muhimu sana, kwa sababu tatizo lilianza kwa kukosa hewa. Anza na pumzi kabla ya kubonyeza. Mtoto hubonyezwa hadi theluthi moja ya unene wa kifua, kwa mkono mmoja ukitosha. Mtoto mchanga kwa gumba mbili huku viganja vikimzunguka kifua. Lakini sehemu hiyo ya watoto inataka uione kwa macho na uifanye kwa mikono yako darasani. Usitegemee makala.

Najua unachojiuliza

"Lazima nimpe pumzi mdomo kwa mdomo?" Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, hapana. Kama hujafunzwa, au hutaki, bonyeza tu bila kusimama. Damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika za mwanzo. Waliofunzwa hubonyeza mara 30, wanatoa pumzi 2, wanarudia.

"Nikimvunja mbavu?" Inaweza kutokea, na unaweza hata kusikia mlio. Endelea. Mbavu hupona. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kaburini kushukuru kwa sababu mbavu zake ziko sawa.

"Na kama ni mwanamke?" Hili tulizungumze bila aibu. Utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani hubonyezwa kifua mara chache kuliko wanaume, na moja ya sababu ni woga wa watu kugusa kifua cha mwanamke mbele ya umma. Mikono inawekwa kwenye mfupa wa katikati, si kwingine, na si lazima umvue nguo ili ubonyeze. Kama macho ya watu yanakusumbua, sema kwa sauti unachofanya: "Moyo wake umesimama, nambonyeza kifua!" Waombe wanawake waliopo wasimame mzunguko wamfunike kwa leso. Dada yako asife kwa sababu wanaume wa mtaa waliona haya.

"Hosi wakitaka pesa kwanza?" Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalirudia hilo. Liseme pale langoni kwa upole, lakini liseme.

"Na ile mashine ya shoti?" Inaitwa difibrileta, na aina ya kubebeka imetengenezewa watu kama mimi na wewe. Ukiiwasha inaongea, inakuelekeza ubandike vibandiko viwili kwenye kifua kikavu, kisha yenyewe inasoma moyo. Haiwezi kumpiga shoti mtu asiyehitaji, hivyo huwezi kumuua nayo kwa bahati mbaya. Ikisema msimguse, kila mtu ajitoe. Ikimaliza, rudi kubonyeza mara moja. Na zile filamu ambapo mstari umelala kabisa halafu daktari anapiga shoti mtu anaruka? Uongo. Shoti ni ya moyo unaotetemeka, ili utulie na kuanza upya. Moyo uliolala kimya unahitaji mikono na dawa. Huku kwetu mashine hizi bado ni chache, na ndiyo sababu mikono ina uzito zaidi.

Elimu hii ilianza na injinia wa umeme

Usidhani haya mambo ni ya zamani sana. Hadi miaka ya 1950, moyo ukisimama daktari alikuwa anapasua kifua na kuukamua kwa mkono. Kisha huko Baltimore, kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, William Kouwenhoven na mwenzake kijana Guy Knickerbocker walikuwa wanajaribu mashine ya shoti kwa mbwa. Wakagundua kwamba kule kukandamiza tu vile vyuma kifuani kulipandisha presha ya damu, kabla hata ya umeme kupita. Kouwenhoven hakuwa daktari. Alikuwa injinia wa umeme. Wakishirikiana na daktari wa upasuaji James Jude, walichapisha matokeo yao mwaka 1960, na ujumbe wao ulikuwa kwamba mtu yeyote, popote, anaweza kufanya hivi akiwa na mikono miwili.

Na yule mwanasesere wa kufundishia? Alitengenezwa na Mnorwe aitwaye Asmund Laerdal, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Kwa hiyo historia ya jambo hili imejaa watu waliovuka mpaka wa kazi zao. Sioni kwa nini orodha isiongezewe makanga, dereva wa boda, mama mboga na wewe.

Denmark walifanya nini

Turudi kwa nchi ya Eriksen, kwa sababu pale kuna somo kubwa kuliko mechi. Miaka ya 2000 Denmark waliamua kwamba maarifa haya yasiwe ya madaktari pekee. Wakaweka mafunzo shuleni. Kuanzia mwaka 2006, ukitaka leseni ya kuendesha gari lazima uwe umepitia mafunzo hayo. Matokeo? Mwaka 2001, kati ya watu ambao moyo ulisimama nje ya hospitali, asilimia 21 hivi ndio waliobonyezwa kifua na mpita njia. Kufikia 2010 walikuwa karibu asilimia 45. Na waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Mara tatu!

Hebu fikiria kila dereva wa matatu, kila makanga, kila mtu wa boda hapa Kenya akipata leseni yake baada ya kubonyeza mwanasesere kwa dakika mbili. Hawa ndio watu walio barabarani saa zote, katika kila mtaa. Tungekuwa na jeshi la uokoaji ambalo tayari liko kazini.

Ukweli mchungu

Angalia tena ile takwimu ya Denmark. Asilimia 10.8. Ina maana kwamba hata huko, wengi hawakurudi. Mwaka 2003 kule Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara akiwa na miaka 28, akahudumiwa, na akafariki. Oktoba 2025 taifa letu zima liliamka na habari kutoka India kwamba Raila Odinga ameanguka akiwa kwenye matembezi ya asubuhi na moyo wake umesimama. Alihudumiwa na hakurudi.

Kwa hivyo ukibonyeza na mtu afe, si wewe uliyemuua. Alikuwa tayari ameondoka. Ulimshika mkono akielekea mlangoni. Hiyo ni heshima, si hatia. Ukitoka hapo, ongea na mtu. Usiende kejani kukaa nayo peke yako.

Lakini pia kuna Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa anachezea Bolton. Tarehe 17 Machi 2012 alianguka uwanjani kwa Tottenham akiwa na miaka 23. Daktari wa moyo aliyekuwa amekuja tu kutazama mechi, Andrew Deaner, alitoka kwenye viti vya mashabiki akaingia uwanjani kusaidia. Moyo wa Muamba haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Sabini na nane! Katika muda huo wote kuna watu waliokuwa wanabonyeza, wanabadilishana, wanabonyeza. Muamba yuko hai. Soka aliacha, lakini alirudi nyumbani kwa mtoto wake.

Wiki hii ufanye nini

Usimalize kusoma ukasema "makala poa" ukaenda TikTok. Fanya vitu vinne.

Weka 1199 kwenye simu yako sasa hivi, kabla ya aya inayofuata, na uwatumie watu wa nyumbani.

Jua hospitali iliyo karibu nawe inayofungua usiku, na nambari yake. Uliza, usidhani.

Chukua mto mgumu, uweke sakafuni, weka metronomu kwenye 110, bonyeza dakika mbili. Utajua kwa nini nasema mbadilishane.

Kisha tafuteni mafunzo. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance huyatoa, na mkiwa kikundi mnaweza kuomba mkufunzi aje kwenu. Chama chenu kinachanga kila mwezi pesa za sahani na viti vya harusi. Changeni mara moja kwa hili. Kila mwaka tarehe 16 Oktoba dunia huadhimisha siku ya kuamsha mioyo. Mnaweza kuilenga hiyo kama mnapenda tarehe, ingawa moyo haungoji kalenda.

Kwenye base yenu mko wangapi? Kumi? Wakijua watatu tu, siku mmoja akianguka kutakuwa na wa kubonyeza, wa kupiga simu na wa kupokezana. Anza kuwahesabu leo.